Mfalme Asiyepandishwa Kizimbani

Kitongoji cha La Perouse, kando ya ghuba ya Botany hapa Sydney, kimepewa jina la nahodha Mfaransa aliyetia nanga hapo Januari 1788, akang'oa nanga Machi, asionekane tena. Aliyemtuma baharini alikuwa Mfalme Louis wa 16. Inasimuliwa kwamba asubuhi ya kukatwa kichwa, tarehe 21 Januari 1793, mfalme huyo aliuliza kama kuna habari zozote za La Pérouse. Huenda ni hadithi ya kutungwa. Hata hivyo, inatupa pa kuanzia safari yetu ya Addis Ababa, maana kifo cha Louis ndicho kipimo ambacho wanahistoria hutumia kila mfalme anapopinduliwa.

Louis alishtakiwa. Alisomewa mashtaka mbele ya Bunge la Taifa, akapewa mawakili, na wabunge wakapiga kura mmoja mmoja kwa sauti: 387 wakataka auawe, 334 wakakataa. Aliyepinga kesi kwa nguvu zaidi hakuwa mfuasi wa mfalme, alikuwa Robespierre. Hoja yake ilikuwa hii: ukimfikisha mtu mahakamani, umekubali kwamba anaweza kuonekana hana hatia. Na mfalme akiwa hana hatia, basi wenye hatia ni waliompindua. Kwa hiyo, auawe bila kesi. Ni hoja ya kutisha, lakini walau aliitoa hadharani, na wenzake wakamkatalia.

Sasa twende Ethiopia. Tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi wa Derg, kamati yenye askari zaidi ya 100, walimwondoa Haile Selassie madarakani. Tunamfahamu huyu: ana barabara zake Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa mjini kwake mwaka 1963. Alitolewa ikulu ndani ya kigari cha Volkswagen, yeye aliyezoea Rolls-Royce. Usiku uliotangulia, televisheni ya taifa ilikuwa imeonyesha filamu ya njaa ya Wollo, iliyopigwa na mwandishi Mwingereza Jonathan Dimbleby, huku wakiwa wamechomeka picha za karamu za ikulu. Mtoto mwenye mbavu za kuhesabika, kisha keki. Ukiniuliza mimi, ile ndiyo hati ya mashtaka pekee aliyowahi kusomewa, na ilisomwa bila yeye kupewa nafasi ya kujibu.

Mashtaka yenyewe yalikuwa mazito. Njaa ya 1973 iliua watu kwa makumi ya maelfu, na serikali yake iliificha. Wanajeshi walidai pia kwamba alikuwa na fedha nyingi katika benki za ng'ambo, wakambana azirudishe. Kwa hiyo haikuwa kwamba walikosa la kumshtakia. Walikuwa nalo, wakaliacha.

Tarehe 23 Novemba 1974 ilionyesha njia waliyoichagua. Watu wapatao 60, wakiwamo mawaziri wakuu wawili wa zamani, Aklilu Habte-Wold na Endelkachew Makonnen, walipigwa risasi usiku bila kufikishwa mahakamani. Derg nayo ilipiga kura, kama lile bunge la Paris. Tofauti ni kwamba waliopigiwa kura hawakuwapo chumbani, na wala hawakuwa na wakili. Machi 1975 ufalme ukafutwa kabisa. Binti yake, Tenagnework, alibaki gerezani hadi 1988.

Mzee mwenyewe alifungiwa ndani ya ikulu. Tarehe 28 Agosti 1975 ilitangazwa kwamba amefariki siku iliyotangulia, akiwa na umri wa miaka 83, kwa maradhi yaliyofuatia upasuaji wa tezi dume. Daktari wake, Profesa Asrat Woldeyes, hakulikubali hilo. Hakukuwa na mazishi, wala kaburi la kuonyeshwa. Mifupa ilifukuliwa mwaka 1992, chini ya zege katika viwanja vya ikulu, baada ya Mengistu Haile Mariam kukimbilia Zimbabwe. Tarehe 5 Novemba 2000 ndipo ilipozikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu.

Basi kesi ikaja, ila mshtakiwa alikuwa mwingine. Kuanzia Desemba 1994 viongozi wa Derg walifikishwa mahakamani Addis Ababa, na kifo cha mfalme kilikuwa miongoni mwa mashtaka. Waendesha mashtaka walidai kwamba alinyongwa kitandani. Desemba 2006 Mengistu alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, akiwa hayupo. Kesi ilidumu miaka 12. Walimu wetu wa sheria watasema ilikokotwa mno, na ni kweli, lakini jalada lake lipo, mtu anaweza kulifungua.

Wapo wanaosema kwamba kumpeleka mfalme mahakamani ni maigizo tu, kwa kuwa hukumu huwa imeshaandikwa. Kwa Louis, pengine. Mimi naona hasara kubwa iliwapata watu wa Wollo. Kama Haile Selassie angesimamishwa kizimbani, angeulizwa mbele yao: ulijua lini? Nani alikuletea taarifa, na nani aliamuru zizimwe? Aklilu, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa njaa ile, angeitwa kuwa shahidi. Lakini Aklilu alikuwa ameshapigwa risasi miezi tisa kabla ya bwana wake kufa, na majibu yote akaondoka nayo.