Kichaa cha mbwa: kutoka daftari hadi simu

Leo historia kidogo.

Hapa Kenya kichaa cha mbwa kiliripotiwa kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi. Kwa miaka mingi habari za waliong'atwa ziliishia kwenye daftari la zahanati. Afisa mifugo asipozipata mapema, nani atamtafuta yule mbwa?

Mwaka 2011, kusini mwa Tanzania na huko Pemba, ng'ambo ya mkondo kutoka kwetu Gazi, walianza kutumia simu za mkononi. Mhudumu wa afya anaripoti aliyeng'atwa na chanjo aliyopewa. Afisa mifugo anaripoti mbwa waliochanjwa. Zote zinaingia kanzidata moja. Kufikia 2016 ripoti zilikuwa zimepita 30,000.

Mimi kama programa nasema siri si simu. Siri ni idara mbili kusoma jedwali moja.

Dalili zikishatokea, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Chanjo ikiwahi, huokoa. Kwa hiyo ripoti iliyochelewa ni hatari kwa mtu wa pili aliyeng'atwa na mbwa yuleyule.

Uking'atwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Haya, kwa leo ni hayo.