Nyumba ya Mkristo na Kibanja cha Jirani

Kitabu cha miaka mia, kwa desturi, huhesabu kengele, mabati na majina ya wachungaji. Hayo yana mahali pake. Lakini historia ya Kanisa la Kilutheri katika Buhaya haikutendeka hasa ndani ya kuta za kanisa. Ilitendeka majumbani, katikati ya migomba na mibuni, katika kibanja ambacho hulisha walio hai na kuwahifadhi wafu wao. Asiyejua kibanja ni nini kwa Mhaya hataelewa kwa nini Injili ilipoingia nyumbani iligusa mara moja mambo ya ukoo, ndoa na urithi. Wala hataelewa ukubwa wa jaribu lililoipata nchi hii katika miaka ya 1980.

Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, hawakukuta nchi isiyojua Neno. Walikuta wasomaji. Hao walikuwa wamelipata Neno upande wa Uganda, katika vitabu vya Kiganda, na walikuwa wakisoma na kusali majumbani kabla hawajawa na mchungaji wa kuwaongoza. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, kazi ilibaki tena mikononi mwa waamini wenyeji. Kwa hiyo mara mbili katika muda mfupi kanisa liliishi bila mmisionari Mjerumani, na mara zote mbili liliishi kwa nguvu ya nyumba. Jambo hili lilipatana na mafundisho ya Kilutheri kuliko wengi walivyotambua. Katekismo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529, iliandikwa ili baba wa nyumba aifundishe jamaa yake, si kwa ajili ya mchungaji peke yake.

Hata hivyo nyumba ya Kikristo ilianza kwa kujitenga. Aliyebatizwa alikataa tambiko la ukoo, akaoa mke mmoja, akapeleka watoto shule. Ndugu zake walimwona kama mtu aliyekatika katika shina. Kujitenga huko kulikuwa kwa lazima, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kusema hapana. Lakini kulikuwa na gharama yake. Nyumba iliyozoea kujilinda dhidi ya ukoo ilijizoeza pia kutotazama sana yaliyokuwa yakitendeka ng'ambo ya mpaka wa migomba yake.

Ndipo ulipokuja Uamsho. Moto huo uliowaka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, uliipiga nyumba moyoni. Waume walitubu mbele ya wake zao. Watu walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa na wadai. Waliookoka waliitana ndugu, wakalitumia neno lilelile la Kihaya, oluganda, ambalo hapo kwanza lilikuwa la damu na ukoo. Askofu Josiah Kibira, aliyewekwa katika uaskofu mwaka 1964 baada ya Askofu Bengt Sundkler, alilichunguza jambo hili kwa makini katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu. Aliona kwamba kanisa la Buhaya haliwezi kueleweka pasipo ukoo, na kwamba ushirika wa Uamsho ulikuwa namna ya ukoo mpya. Mtu huyu wa Buhaya ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, tangu 1977 hata 1984.

Matunda ya Uamsho hayana haja ya kutetewa. Lakini mwanahistoria wa kanisa atakosa uaminifu asiposema kwamba dhamiri iliyoamka juu ya deni la shilingi mbili mara nyingi ililala juu ya jambo kubwa zaidi. Mjane wa jirani alipoambiwa na shemeji zake aondoke kibanjani, jambo hilo liliitwa habari ya ukoo, nalo halikuhesabiwa miongoni mwa mambo ya kutubiwa. Watu waliokwenda mwendo wa siku nzima kuhudhuria mkutano wa injili hawakuona sababu ya kuvuka njia na kuketi katika baraza la ukoo ili kumsemea.

Miaka ikapita. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwezi Oktoba 1978, na vita iliyofuata ilikwisha mwaka 1979. Baada ya vita biashara ya magendo ilistawi mpakani, na miongoni mwa bidhaa zake kilikuwamo kitambaa kizuri kilichoitwa Juliana. Watu walipoanza kukonda na kufa bila sababu iliyojulikana, na wengi wa kwanza wao wakiwa wafanyabiashara vijana, ugonjwa ulipewa jina la kitambaa kile. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa Mkoa wa Kagera mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika Bukoba Mjini watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi.

Tauni nyingine huchukua wazee na watoto wachanga. Hii ilichukua baba na mama, ikaacha bibi na wajukuu. Kibanja kilibaki na makaburi mapya mawili, migomba isiyopogolewa, na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Mimbarani, katika miaka ile ya kwanza, hawakukosekana waliouita ugonjwa adhabu ya uzinzi. Maneno hayo yaliwafunga vinywa wagonjwa na kuwafanya wake waaminifu, walioambukizwa ndani ya ndoa takatifu, wafe kwa aibu isiyo yao. Mazishini ilisemwa tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu.

Waliokuwa wa kwanza kuamka hawakuwa wasomi wa theolojia. Walikuwa bibi. Mwanamke wa miaka sabini, ambaye kwa haki alitazamia kutunzwa na wanawe, alianza upya kuchota maji, kulima na kutandika nyasi za kulalia watoto watano. Kutoka nyumba hizo kanisa lilijifunza. Mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya kifo cha Askofu Kibira, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha Huduma ya Watoto, ijulikanayo kama Huyawa. Msingi wake ulikuwa kwamba yatima akae katika jamaa na kijiji chake, asikusanywe katika nyumba kubwa mbali na kibanja cha babaye. Hilo lilikuwa jambo la busara kubwa, kwa sababu mtoto aliyeondoka kibanjani kwa miaka kumi alirudi na kukuta mipaka imekwisha kuhama.

Hapo ndipo swali lililokwepwa tangu zamani lilipogonga mlango. Sare ya shule na daftari vyaweza kununuliwa kwa sadaka ya Jumapili. Lakini sadaka haimrudishii mtoto shamba. Kanuni za urithi za kimila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimweka mwanamke katika daraja la mwisho la warithi, na kumnyima mjane fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Binti aliyerithi ardhi ya ukoo aliweza kuitumia maisha yake yote, bali asiiuze maadamu wapo wanaume wa ukoo.

Mwezi Agosti 1988 mwanamke mzee wa Muleba, aliyerithi ardhi kwa wosia halali wa babaye na asiyekuwa na mtu wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, ambako mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila ile ilipingana na Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Binti watano wa Selofehadi, katika Hesabu sura ya 27, walisimama mbele ya Musa na kudai urithi wa baba yao, wakapewa. Sura hiyo ilikuwa katika Biblia za Buhaya tangu mwanzo. Inasikitisha kwamba aliyeitenda haki hiyo kwa sauti alikuwa hakimu kabla ya kuwa sinodi.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Wahudumu wa kanisa walianza kuwahimiza wazazi wagonjwa waandike wosia wakiwa na nguvu bado, na hilo halikuwa rahisi, maana kwa wengi kuandika wosia ni kuita kifo. Kanuni za kimila zenyewe zinamtaka shahidi wa ukoo na shahidi mtu baki pia. Ni katika nafasi ya huyo mtu baki kwamba mzee wa kanisa, jirani asiye na fungu katika kibanja, alipata kazi ambayo Uamsho wa kwanza haukumpa.

Maambukizi yalipungua Bukoba Mjini, kutoka 24 katika 100 mwaka 1987 hadi 13 mwaka 1996, na tangu 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa Taifa. Wazazi wakabaki hai. Lakini kizazi cha yatima wa miaka ya nyuma kilikuwa kimekwisha kukua. Huko Nshamba, Muleba, vijana hao waliunda mwaka 2000 chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wakachagua viongozi wao na kuwa na benki yao ndogo. Miongoni mwa kazi walizojipangia, bila kuagizwa na mtu, ilikuwa kuwachotea maji na kuwatengenezea nyumba wazee waliobaki peke yao.