Kichwa cha Otenyo na Vyombo vya Hekalu

Bwakire buya kwenu mlio nyumbani, na kwenu mlio Minnesota ambako bado ni usiku. Najua wengine mko zamu na simu iko mfukoni.

Wiki iliyopita dada mmoja wa kanisa letu aliyehamia huko alinitumia picha. Alikuwa amewapeleka watoto Chicago, mwendo wa saa sita hivi kwa gari, wakaingia katika jumba la makumbusho liitwalo Field Museum. Ndani ya kioo wamesimama simba wawili wa kiume wasio na manyoya shingoni. Niliwatambua mara moja. Ni wale simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, mpaka Mwingereza aitwaye Patterson alipowapiga risasi mwezi wa Desemba. Ngozi zao zilitandikwa sakafuni kwake kama zulia kwa karibu robo karne, kisha katika miaka ya 1920 akaliuzia jumba hilo kwa dola 5,000. Mkenya wa leo akitaka kuwaona, aanze kwanza na foleni ya viza.

Chini ya picha dada aliandika: "Pasta, mtoto ameniuliza, na vitu vya Wakisii viko wapi? Sikuwa na jibu."

Dada, hata mimi nililala na swali hilo. Acha nikujibu hapa, maana najua si mtoto wako peke yake anayeuliza.

Nianze na wanyama kwa sababu hao ni rahisi. Kila mmoja wenu anajua mnyama wa ukoo wake, yule ambaye babu zetu walimheshimu na kujitambulisha naye. Sasa nioneshe mmoja wao hapa Kisii au Nyamira. Msitu umekuwa shamba la chai, shamba la chai limegawanywa kwa ndugu watano, na kati ya mgomba na mgomba kuna nyumba ya mtu. Ukitaka kumwona chui, nenda Kisumu katika hifadhi ya Impala, utamkuta nyuma ya waya. Tembo na pundamilia, pita Transmara uingie Maasai Mara. Ndiyo kusema tunajiita kwa majina ya wanyama ambao watoto wetu huwalipia kiingilio.

Milima iko. Genge la Manga bado liko mahali Mungu alipoliweka, na siku isiyo na ukungu ukisimama juu yake unaona nchi ya Kano yote chini yako hadi ziwani. Hakuna aliyeweza kulipakia melini.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho wazee wetu wanasema kilipakiwa melini, na hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Mwaka 1907 Waingereza walifungua boma lao Getembe, mahali tunapoita leo Kisii mjini. Ofisa wao alikuwa kijana aitwaye Geoffry Northcote. Wazee wetu ulimi haukukubali, wakamwita Nyarigoti. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1905, askari walikuwa wamekwisha kuja mara moja, wakaua watu na kuswaga ng'ombe. Kwa hiyo boma lilipojengwa, kila mtu alijua limekuja kufanya nini. Palikuwa na mama mmoja, Moraa, mwonaji na mganga, ambaye hakunyamaza. Aliwauliza wanaume kama watakaa tu wakitazama mifugo ikienda. Otenyo Nyamaterere, kijana aliyelelewa naye, ndiye aliyesikia. Januari 1908 alimvizia Northcote njiani, akamchoma mkuki mgongoni.

Northcote hakufa. Waliokufa ni watu wetu. Jeshi lilirudi, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Mauaji yalikuwa mengi kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu wa waziri wa makoloni kule London, aliandika akilalamika na kuuliza kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga namna hiyo. Huyo ni Churchill, si mpigania uhuru wa Afrika!

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Wazee husimulia kwamba jamaa zake walipata kiwiliwili tu. Kichwa, wanasema, kilipelekwa Uingereza. Familia na jamii wamekuwa wakikidai tangu zamani.

Na Northcote? Aliendelea kupanda ngazi. Mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong, na chuo cha ualimu kule kikapewa jina lake. Mmoja jina lake liliandikwa juu ya mlango wa chuo, mwingine hana kaburi kamili.

Wapendwa, ninyi ni Wakisii. Sihitaji kuwaeleza maana ya kumzika mtu nyumbani kwake. Mtu akifa Mombasa tunachanga, tukikosa tunakopa, mwili unakuja. Nimehudhuria mikutano ya harambee ambapo mjane hakuwa na unga ndani ya nyumba lakini gari la maiti lililipiwa. Sasa fikiria ukoo ambao umesubiri zaidi ya miaka mia moja.

Wengine mtaniambia, Pasta, hayo ni mambo ya dunia, tena Moraa alikuwa mganga. Sawa. Fungua 1 Samweli 31. Wafilisti walimkata Sauli kichwa, silaha zake wakaziweka katika nyumba ya miungu yao, mwili wakautundika ukutani kule Beth-shani. Hilo lilikuwa jumba la makumbusho la siku zile: mali ya aliyeshindwa, imewekwa mahali mshindi atakapopita akiitazama. Na Sauli huyo, mwajua, usiku wa kabla yake alikuwa amekwenda kwa mganga. Je, watu wa Yabesh-Gileadi walisema aachwe huko? Walitembea usiku kucha, wakaushusha mwili ule, wakaizika mifupa yake chini ya mti, wakafunga siku saba. Hawakuulizana kwanza kama alikuwa mtakatifu.

Kisha soma Ezra sura ya kwanza, ile sura tunayoiruka kwa sababu ni hesabu. Nebukadneza alikuwa ameviiba vyombo vya hekalu. Koreshi alipoamua kuvirudisha, mweka hazina wake alivihesabu kimoja kimoja, hata visu vikawa 29, jumla vyombo 5,400. Roho Mtakatifu aliona vyema orodha hiyo iandikwe.

Orodha ya namna hiyo imeanza kuandikwa kwetu pia. Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wasanii wa Kenya na wa Ulaya wamehesabu vitu vya Wakenya vilivyoko nje, wakapata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Mwaka 2021 walifanya maonyesho Nairobi, wakaweka makabati ya kioo yakiwa matupu. Majirani zetu Wanandi wamepata angalau kidogo: bakora za Koitalel Samoei, aliyeuawa na Meinertzhagen Oktoba 1905, zilirudi mwaka 2006.

Hapa lazima niseme pia jambo ambalo linanihusu mimi. Si kila kitu kiliibwa na Mzungu. Magokoro wangu alivaa ebitinge, zile pete za chuma za miguuni walizovaa wanawake walioolewa. Alipookoka alizivua. Baba yangu alinieleza kwamba zilikaa nyuma ya jiko kwa miaka, mpaka mnunuzi wa vyuma chakavu akapita. Zilipimwa kwenye mizani pamoja na sufuria lililotoboka. Simlaumu bibi, kwake zilikuwa ndoa ya zamani na mila alizoziacha. Lakini sisi wahubiri tulipenda mno kusema choma, tupa, na mara chache tulisema weka. Nami nimewahi kusema hivyo madhabahuni, kuhusu obokano ya mzee mmoja. Mzee amekwisha kufa. Obokano sijui aliipeleka wapi, na niliona haya kuuliza.

Mtoto wako, dada, mwambie pia kuna vilivyoondoka kwa heshima. Jiwe letu laini la Tabaka, lile wageni huliita jiwe la sabuni, limefika kila mahali. Mchongaji wetu Elkana Ong'esa ana ndege wake wa amani pale makao makuu ya UNESCO, Paris. Hata hapo Minnesota, ukiona kiboko kidogo cheupe au cha waridi kwenye rafu ya mtu, kigeuze utazame chini. Huenda kilichongwa Tabaka, kikasuguliwa msasa kwenye beseni la maji na mama mmoja ambaye hajawahi kupanda ndege.

Jumamosi nawapandisha vijana Manga, saa mbili asubuhi, mje na maji. Aliye na ebitinge, kigoda cha babu, mkuki au obokano darini, asiuze wala asichome, aniletee picha tu. Na kama babu yako aliwahi kukuonyesha mahali kiwiliwili cha Otenyo kilipolazwa, niandikie inbox.