Stesheni ya Jinja na Reli Isiyofika Kwetu

Sisi wa Butembo na Beni ni watu wa barabara. Mizigo yetu huenda kwa lori, kwa pikipiki au kichwani, na watoto wetu wengi hawajaona gari la moshi ila katika picha. Upande wa Kongo kuna ile reli nyembamba ya Vicicongo, iliyotoka Aketi ikafika Mungbere mwaka 1937, nayo ikakomea huko huko msituni. Upande wa mashariki reli ilitukaribia zaidi: ilifika Kasese, chini ya kilometa 70 toka mpaka wa Kasindi, kwa ndugu zetu Bakonzo. Basi mwenye kutaka habari za gari la moshi zinazotuhusu, yampasa avuke mpaka. Leo tutasema habari za stesheni ya mji wa Jinja, huko Uganda. Shaba ya Ruwenzori, mlima wetu sisi na wao, ilipelekwa Jinja. Tena stesheni ile ilipokosa wasafiri haikuachwa ianguke bure.

Jinja iko mahali mto Nili unapotoka katika ziwa Viktoria. Mwingereza Speke alifika hapo mwezi wa Julai 1862. Mto ukisha kutoka ziwani hauchukui meli, kwa sababu ya maporomoko na miamba. Maji hayatulii vizuri mpaka Namasagali, na toka hapo meli huweza kwenda hata ziwa Kyoga. Waingereza walitaka pamba ya nchi za Kyoga. Reli yao kubwa, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa imefika ziwani Kisumu mwaka 1901. Kwa kazi ile waliletwa vibarua wapata 32,000 kutoka Uhindi, na wapata 2,500 kati yao hawakurudi tena kwao: walikufa kwa homa, kwa ajali, na wengine kwa meno ya simba wa Tsavo. Kisha ikajengwa reli fupi peke yake, toka Jinja hadi Namasagali, kilometa kama 100, ikafunguliwa mwaka 1912. Iliitwa Reli ya Busoga.

Reli hiyo fupi ilikuwa pia njia ya kuingia Kongo. Tufuate sanduku moja la misumari lililoshushwa Mombasa ili lipelekwe kwa Wabelgiji wa Ituri. Linapanda gari la moshi mpaka Kisumu. Linashushwa, linapakiwa melini, linavuka ziwa mpaka Jinja. Linashushwa, linapanda gari la moshi la Busoga mpaka Namasagali. Linashushwa, linaingia meli ya Kyoga mpaka Masindi Port. Hapo tena linashushwa, linakwenda kwa barabara mpaka Butiaba, ufukoni mwa ziwa Alberti, na meli ya tatu inalifikisha Mahagi au Kasenyi. Hesabuni wenyewe limebadili chombo mara ngapi! Na kila lilipobadili, palikuwa na mabega ya watu chini yake. Sisi tunaolalamika juu ya barabara ya Beni kwenda Kasindi, nasi tuna haki ya kulalamika, tukumbuke wapagazi wale.

Katika miaka ya 1920 reli nyingine ililetwa toka Nakuru kwa njia ya Eldoret na Tororo, ikaungana na ile ya Busoga. Hivyo mtu aliweza kutoka Jinja mpaka baharini bila kukanyaga meli. Mwaka 1931 gari la moshi lilivuka Nili juu ya daraja la chuma, likafika Kampala. Jinja ikawa mji wa viwanda, hasa baada ya bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Miaka miwili baadaye, mwaka 1956, reli ilifika Kasese. Haikujengwa kwa ajili ya wasafiri wala kwa ajili yetu. Iliijia shaba ya Kilembe. Shaba ile ilipelekwa Jinja ikayeyushwa kwa umeme wa bwawa, kisha ikaenda Mombasa. Lakini njia ikiisha kufunguliwa hupitwa na kila mtu, na kwa wafanyabiashara wa Butembo Kasese ikawa ncha ya reli iliyo karibu kuliko zote.

Kuanguka kwake kulikuja polepole. Mafuriko ya mwanzo wa miaka ya 1960 yaliharibu bandari za Kyoga na za ziwa Alberti. Mwaka 1972 Wahindi, waliokuwa wameshika biashara na viwanda vingi vya Jinja, walifukuzwa Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa kati ya nchi tatu. Kilembe ikaacha kuchimba shaba mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 njia ya Kasese ikafungwa. Mwaka 1997 magari ya wasafiri yalisimamishwa Uganda nzima.

Je, majengo? Namasagali yalipata bahati mapema. Meli na magari yalipokoma, majengo ya reli na bandari yaligeuzwa kuwa shule, na Padre Damian Grimes, wa Wamisionari wa Mill Hill, aliiongoza toka 1967 hadi 2000. Jinja ilingoja zaidi. Mwaka 2022 stesheni yake ya zamani ilifunguliwa kuwa makumbusho ya reli ya Uganda, kwa kazi ya shirika la huko linalotunza urithi wa nchi, na kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Sisi twaona ni neno jema. Chuma cha zamani huuzwa kwa uzito wake, na mali nyingi ya reli katika Afrika imekwisha kwa njia hiyo. Hata hivyo twapenda kuwaambia wenye makumbusho yo yote ya namna hii: mashine isimame pale, lakini na mpagazi apate ukuta wake.

Kwetu jambo hili si la kutazama kwa mbali. Mji wa Butembo ulikua kando ya kambi ya kampuni ya madini, MGL, na wazee walioifanyia kazi wanazidi kupungua. Huko Beni, mnamo Novemba 2019, watu wenye uchungu wa mauaji waliichoma moto ofisi ya meya. Uchungu wao twaujua, maana tumezika pamoja nao. Lakini kilichoteketea mle hakikuwa mali ya meya.

Lori la Butembo liendalo Mombasa hupita Jinja, juu ya daraja jipya la Nili lililofunguliwa Oktoba 2018. Dereva akipumzika hapo saa moja, stesheni si mbali.