Chuma cha Zamani, Moyo Mpya

Mashine ikizeeka watu husema upesi: "Imekufa, itupwe." Je, ni kweli imekufa? Tutazame kwanza mashine ya kuchonga chuma, kisha merikebu ambayo sisi tukaao pwani ya ziwa, Nundu na Baraka, tuna deni kwake.

Mwaka 1952, huko Marekani, wataalamu wa chuo cha MIT walionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Kearney & Trecker kilitoa mashine inayojibadilishia visu. Kisu kikimaliza kazi yake hutolewa, kingine hutiwa, wala mtu hagusi. Mwili wa mashine za namna hiyo ni mzito, hudumu miaka mingi. Kinachokufa mapema ni nyaya na swichi zinazoiamuru. Basi fundi mwenye akili hautupi mwili. Hung'oa kabati la umeme la zamani, akaweka kompyuta ndogo badala yake. Lakini kwanza hujifunza desturi za ule mkono unaobadilisha visu: ushike, uvute, ugeuke, usukume, uachie. Amri ya pili haitolewi mpaka ya kwanza imetimizwa. La sivyo mkono huvunjika.

Sasa tugeukie ziwa letu la Tanganyika, maana kazi ya namna hiyo imefanyika hapa hapa.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, katika mji wa Papenburg, kiliunda merikebu kwa ajili ya serikali ya Wadachi. Ilifumuliwa, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na Kigoma kwa gari la moshi. Februari 1915 ilishushwa majini kwa jina la Graf von Götzen.

Julai 1916 Wadachi waliona kwamba watashindwa vitani, wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg waliipaka mitambo grisi nene kabla haijazama. Mambo yao yalikuwa yamekwisha, hata hivyo hawakukubali kazi njema ioze. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakakuta mitambo ingali yafaa. Mei 1927 ilirudi safarini, ikaitwa Liemba, jina la kale la ziwa.

Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iling'olewa, ikawekwa ya dizeli. Mwaka 1993 ilitengenezwa tena. Moyo ulibadilishwa, lakini mwili ukabaki ule ule wa Papenburg.

Faida yake ilikuwa nini? Mwaka 1996 vita viliwakimbiza watu wengi wa Fizi na Uvira, wakavuka kwenda Kigoma. Mwaka 1997 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia Liemba kuwarudisha kwao. Kwa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikabeba maelfu ya watu. Mama aliyeshuka Uvira na mtoto mgongoni hakujua habari za grisi ya mwaka 1916. Hata hivyo, grisi ile ilikuwa imemsaidia.

Nasi tunazo mashine za kusaga mihogo, cherehani, na injini za mitumbwi. Ikizimika moja, tusikimbilie kusema imekufa. Tuulize: ni mwili uliokufa, au ni moyo tu? Na ile iliyo nzima tuipake mafuta leo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Huenda atakayevushwa nayo hajazaliwa bado.