Mtoto aliyebadili urithi wa ufalme wa Uingereza

Usiku wa kuamkia Novemba 6 mwaka 1817, katika jumba la Claremont, kusini-magharibi ya London, alifariki dunia Binti Mfalme Charlotte, mwenye umri wa miaka 21. Saa chache kabla alikuwa amejifungua mtoto wa kiume aliyekwisha kufa. Alikuwa mtoto mkubwa, wa ratili 9, yaani kilo 4 na ushei.

Charlotte alikuwa mjukuu pekee halali wa Mfalme George wa Tatu. Uzazi wake ulisimamiwa na Sir Richard Croft, tabibu aliyesifika miongoni mwa wakwasi wa London. Kwa kuchelea mtoto asije akanenepa kupita kiasi, Croft alimpunguzia mjamzito chakula na kumtoa damu mara kwa mara, kama ulivyokuwa utabibu wa siku hizo. Mama alidhoofika, mtoto hakupungua. Uchungu ulianza Novemba 3, baada ya siku zilizotarajiwa kupita, ukadumu saa 50.

Je, hapakuwa na njia nyingine? Koleo za kuzalishia zilikuwapo. Zilibuniwa na ukoo wa Chamberlen, wakimbizi wa kidini kutoka Ufaransa, ambao waliificha siri hiyo kwa zaidi ya miaka 100 huku wanawake wengine wakiangamia. Lakini kufikia mwaka 1817 kila tabibu wa uzazi alizifahamu. Daktari John Sims aliitwa Claremont, akawekwa chumba cha pili bila kumwona mgonjwa. Croft alikuwa amefundishwa na mkwewe, Thomas Denman, kwamba koleo ni za dharura kuu tu. Ni vigumu kumhukumu mtu kwa kufuata alichofundishwa, ingawa mtoto alikaa njiani kwa takriban siku nzima.

Baba yake Charlotte hakumlaumu. Hata hivyo, Februari 1818, akimhudumia mzazi mwingine mjini London, Croft alijipiga risasi.

Wana wa mfalme waliharakisha kuoa ili wapate mrithi. Mei 24 mwaka 1819, katika kasri la Kensington, alizaliwa Victoria, binti wa baba mdogo wa Charlotte. Ndiye ambaye Speke alilipa jina lake ziwa ambalo Waganda waliliita Nalubaale. Matabibu nao wakaanza kuzishika koleo mapema zaidi, na si kila mara kwa busara.