Triana, Ng'ambo Iliyoijenga Sevilla

Mwaka 1171 khalifa Abu Yaqub Yusuf, wa dola ya Muwahidun, aliamuru mashua zifungwe kwa minyororo, ubavu kwa ubavu, kuukatiza mto Guadalquivir. Daraja hilo likaunganisha Sevilla na Triana, mtaa wa ukingo wa magharibi. Mafuriko yalilivunja mara nyingi, likaundwa upya mara nyingi, likatumika karibu miaka 700 hadi daraja la chuma lilipokamilika mwaka 1852. Mgeni wa leo huvuka kwa hilo la chuma, na aghalabu husimama katikati kupiga picha za mji: mnara wa Giralda, kanisa kuu, kuta za kale. Ningemwomba ageuke atazame upande wa pili, kwa sababu fahari anayoipiga picha ilitoka ng'ambo hii.

Hata anguko la Sevilla ya Waislamu lilipitia hapa. Chakula cha mji kilikuwa kikivushwa kutoka mashamba ya magharibi. Mwezi Mei 1248 meli za mfalme Ferdinand wa Tatu zilipolipasua daraja la mashua, mji ukabaki na njaa yake, na Novemba ukasalimu amri. Kanisa la Santa Ana, lililoanza kujengwa Triana katika karne hiyo hiyo, bado limesimama na matofali yake mekundu.

Kisha zikaja zama za bahari, na Triana ukawa mtaa wa mabaharia. Mlinzi wa mlingoti aliyepaza sauti kwamba nchi inaonekana, alfajiri ya Oktoba 12, 1492, anajulikana kwa jina la Rodrigo wa Triana. Aliyeiona nchi kwanza alikuwa ameahidiwa malipo ya maravedi 10,000 kila mwaka. Columbus, aliyeongoza safari hiyo, akadai kwamba yeye aliona mwanga usiku uliotangulia, akayachukua. Kisa hiki kinaniuma kila nikikisoma, maana ndivyo mji ulivyozoea kuitendea ng'ambo yake.

Katika nyumba ya watawa ya Mama wa Ushindi, hapo Triana, nahodha Magellan alikabidhiwa bendera ya mfalme kabla ya kung'oa nanga mwaka 1519 na meli tano. Msomaji wa pwani yetu ana sababu yake ya kumjua mtu huyu: mwaka 1505 alikuwa katika msafara wa Francisco de Almeida, ule ulioiteka Kilwa na kuiteketeza Mombasa. Magellan hakurudi Sevilla. Septemba 1522 ilirudi meli moja, Victoria, na mabaharia 18 waliodhoofu, wakaenda kutoa shukrani kanisani bila viatu, mishumaa mikononi. Nyumba ile ya watawa haipo tena.

Waliobaki nchi kavu walifinyanga. Udongo wa ukingoni ulilisha majoko ya Triana kwa karne nyingi. Hata Justa na Rufina, watakatifu walinzi wa Sevilla, husimuliwa kuwa wauza vyungu. Ndani ya Santa Ana kuna kaburi la vigae la mwaka 1503, kazi ya Mwitalia Francisco Niculoso, aliyechora juu ya kigae kama juu ya turubai. Vigae vingi vinavyong'aa kwenye uwanja wa Plaza de España, uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1929, vilichomwa huku. Joko kongwe sasa ni jumba la makumbusho, nami ningelitembelea kabla ya kasri lolote.

Chini ya soko la mtaa kuna magofu ya ngome ya San Jorge. Kuanzia 1481 ilikuwa makao ya mahakama ya Inkwizisheni, iliyowahoji na kuwafunga waliotuhumiwa uzushi wa dini, na hapo ilikaa kwa sehemu kubwa ya miaka 300 iliyofuata. Leo samaki na zeituni huuzwa juu ya kuta hizo.

Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, waliishi kando ya njia iliyoitwa Cava, leo Pagés del Corro. Wengi walikuwa wahunzi, na nyimbo zao za huzuni zisizo na gitaa huhusishwa na mlio wa nyundo juu ya fuawe. Familia nyingi ziliishi katika nyumba za ua mmoja, zikishiriki kisima, jiko na msiba. Muziki wa flamenko wa Triana ulikulia katika nyua hizo. Thamani ya ardhi ilipopanda, miaka ya 1950 na 1960, nyua zilibomolewa na Wagitano wakahamishiwa majengo ya pembezoni mwa mji, jirani ametenganishwa na jirani. Mwaka 1983 wazee wao walikusanyika tena kuimba na kucheza katika ukumbi wa Lope de Vega, ambao uko upande wa pili wa mto. Picha za usiku huo zimo katika filamu ya mwaka 2013 iitwayo Triana pura y pura. Mgeni aitazame kabla hajapita Pagés del Corro, ajue ni akina nani waliokuwa wakikaa nyuma ya milango ile.